"UTI sugu" inayorudi kila mara: ni mume, ni sabuni, au tunatibiwa ugonjwa tusiokuwa nao?

#1 Chumvi ya Uvinza
Habari za jioni wana jukwaa. Leo naomba tuongee bila kuoneana aibu, hasa sisi kina dada.

Tangu nijifungue mtoto wa pili natokwa na uchafu mwepesi wa kijivujivu. Hauwashi wala hauumi, ila una shombo kama la samaki. Huzidi nikimaliza hedhi, na huzidi zaidi nikishakutana na mume wangu. Zahanati ya kwanza walipima mkojo wakasema UTI, nikanywa dawa, ikarudi. Duka la dawa wakasema hiyo ni UTI sugu, nikachomwa sindano za masaa, ikarudi. Juzi nimekwenda kwingine, daktari mdada kachukua majimaji ya ukeni kwa pamba, akapeleka maabara, cheti kikarudi kimeandikwa B.V, yaani bacterial vaginosis. Nikapewa metronidazoli za siku saba na shombo limekata kabisa.

Sasa hofu yangu ni hii: mwaka jana nilishawahi kupewa vidonge hivyohivyo, nikapona, na baada ya muda hali ikawa palepale. Mume wangu hana dalili yoyote na hakuna aliyemgusia. Nani anaurudisha huu ugonjwa ndani ya nyumba?

#2 Jongwe la Mtaa
Mzee ana mchepuko. Funga uzi.

#3 Mama Wawili
Jongwe, ndoa ya mtu huivunji kwa sentensi moja. Kama hujui kaa usome. Dada Chumvi, pole sana, hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu robo ya wanawake walio kwenye umri wa kuzaa wana hali hiyo, na wengi hawajui.

#4 Fundi Hadubini
Nafanya kazi maabara, naomba nianze na hili la UTI maana linaniumiza kila siku kazini.

UTI ni ya njia ya mkojo. Mara nyingi husababishwa na *E. coli* kutoka utumbo mpana, na mtu huungua akikojoa, huenda chooni kila dakika, au huumwa chini ya kitovu. Shombo na uchafu wa ukeni ni habari nyingine. Mwanamke akitoa mkojo bila kuelekezwa namna ya kuukinga, uchafu wa ukeni hudondokea kwenye kopo, seli nyeupe zinaonekana, anaandikiwa UTI. Anatibiwa kibofu ambacho hakiumwi.

Uke wenye afya una bakteria wake, laktobasili. Wanatengeneza asidi ya laktiki na kuuweka uke kwenye pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi) ya 3.8 hadi 4.5, uchachu ambao wageni wengi hawauwezi. Laktobasili wakipungua, wanaongezeka wengine: *Gardnerella vaginalis*, *Prevotella*, *Mobiluncus*, *Fannyhessea vaginae* (vitabu vya nyuma vinamwita *Atopobium*). Hiyo ndiyo B.V. Ni kundi zima la bakteria limechukua eneo, ndiyo maana ukiniuliza "mdudu wake ni yupi" sitakupa jina moja.

Namna ya kuitambua iliandikwa na Amsel na wenzake mwaka 1983 na hadi leo tunaitumia: uchafu mwepesi wa kijivu, pH zaidi ya 4.5, shombo likitoka ukidondoshea tone la potasiamu haidroksaidi, na seli zilizofunikwa na bakteria hadi kingo zake hazionekani. Zikitimia tatu kati ya nne, ni B.V. Penye rangi za Gram (za kuwapaka bakteria ili waonekane kwenye hadubini) tunahesabu alama za Nugent, utaratibu wa mwaka 1991: 0 hadi 3 ni salama, 7 hadi 10 ni B.V. Zote hizo hazihitaji mashine ya mamilioni, hadubini inatosha, na mtu aliyetulia.

Kuhusu shombo kuzidi baada ya tendo: shahawa zina pH ya juu ya 7 na damu iko kama 7.4. Zikifika ukeni zinaondoa ule uchachu, na kemikali inayoitwa trimethilamini inapaa kuwa gesi. Ni hiyohiyo inayonuka kwenye samaki aliyelala. Kwa hiyo shombo baada ya kukutana si ushahidi kwamba mume kaleta kitu siku hiyo.

#5 Chumvi ya Uvinza
Fundi Mungu akubariki. Hiyo ya kemikali sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote.

#6 Shosti wa Tandika
Mimi nawaambia dawa za hospitali zinatuliza tu. Punje ya kitunguu saumu, unaimenya unaiweka ndani usiku. Asubuhi unajiosha na maji ya ndimu. Kisha mtindi. Mwezi mmoja unakuwa mwali.

#7 Mkunga Mstaafu
Shosti, mwanangu, nimekaa wodi ya wazazi hadi nikastaafu na nimewaona waliofuata ushauri huo. Kitunguu saumu kinaunguza ngozi ya ndani, nimemhudumia binti aliyekuja anatembea kwa upande. Ndimu ina asidi kali kuliko ile ya mwili, inachubua. Na hamjaitaja shabu, lakini najua ipo kwenye mikoba ya wengi. Inakausha, inachanika, na pakichanika ndipo maradhi makubwa yanapopitia.

Uke unajiosha wenyewe. Nje ni maji safi, mkono unaishia nje. Ndani hakuna cha kupeleka, iwe sabuni, dettol, marashi, au vile vidude vya mviringo vilivyofungwa kwa kitambaa vinavyouzwa mtandaoni kuwa vinavuta uchafu. Kinachotoka pale ni ngozi ya mtu.

#8 Pwani Halisi
Bibi mkunga heshima yako, lakini sisi huku tumefundishwa na masomo wetu kutia kidole na kujisafisha baada ya hedhi na baada ya mume. Mama zetu walifanya hivyo wakazaa kumi kumi. Leo tunaambiwa ndiyo sababu?

#9 Mwanamvita
Pwani Halisi, hili limepimwa kwetu Mombasa dadangu. Wanawake walifuatiliwa miaka kumi, matokeo yakachapishwa 2006: waliokuwa wakijiosha ndani ya uke walipata virusi vya Ukimwi zaidi kuliko wasiojiosha, na wa sabuni walikuwa vibaya zaidi. Watafiti wanadhani sehemu ya sababu ni kuwaosha hao laktobasili wenyewe. Mimi mwenyewe niliacha sabuni ya ndani baada ya kuelezwa hivyo kliniki na B.V ikapungua kurudi. Haikuisha, ilipungua.

#10 Pwani Halisi
Je, aliyejiosha ndiye aliyeugua, au aliyekuwa na harufu tayari ndiye aliyejiosha zaidi? Maana mimi nisiponuka sina sababu ya kujiosha mara tatu.

#11 Fundi Hadubini
Pwani Halisi swali lako ni zuri na wataalamu wenyewe wanabishana hapohapo. Tafiti nyingi ni za kufuatilia watu, si za kuwagawa kwa bahati nasibu, kwa hiyo kipi kimetangulia kingine huwezi kuapa. Hata hivyo sijaona mwanamke aliyepata faida kwa kupeleka sabuni ndani.

Kuhusu mtindi wa Shosti: bakteria wanaogandisha maziwa si wale wanaolinda uke. Mlinzi hodari anaitwa *Lactobacillus crispatus*. Huyo amejaribiwa Marekani kama dawa ya kuweka ukeni baada ya dozi ya metronidazoli, matokeo yakatoka 2020: ndani ya wiki 12 B.V ilirudi kwa asilimia 30 ya waliopewa, dhidi ya 45 ya waliopewa dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia. Inasaidia, lakini haimalizi. Kwenye kikombe cha mtindi wa dukani huyo hayumo.

#12 Nyar Kisumo
Hamjambo. Naona mnaosha wanawake tu hapa, wanaume wamekaa kando wanasoma.

Kwetu Kisumu walifuatiliwa wachumba na wanandoa 168, wakachukua bakteria wa kwenye uume kabla mwanamke hajaugua. Matokeo ya 2020 yalionyesha ukisoma bakteria wa mwanamume unaweza kubashiri kwa usahihi mkubwa mwanamke gani atapata B.V ndani ya mwaka. Na kule Rakai, Uganda, wake wa wanaume waliotahiriwa walipata B.V kidogo kuliko wake wa ambao hawakutahiriwa. Hiyo ilichapishwa 2009, na pale wanaume waligawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo Pwani Halisi huwezi kuitikisa kwa swali lako la kuku na yai.

#13 Jongwe la Mtaa
Nilisema mwanzo mkanirukia.

#14 Nyar Kisumo
Jongwe wewe ulisema mchepuko. Mimi nasema govi na ngozi. Mwanamume anaweza kukaa na mke mmoja maisha yake yote na bado akawa amewabeba. Soma vizuri.

#15 Pwani Halisi
Basi mnijibu na hili. Wanaume wa huku wanatahiriwa wakiwa watoto wadogo. Wangu hali kadhalika. Mbona ninayo?

#16 Kisiki cha Mpingo
Mimi ni mwanamume, nauliza kwa nia njema kabisa. Mke wangu ana tatizo hilohilo la mleta mada. Nilikwenda kituo cha afya nikaomba na mimi nipewe dawa, muuguzi akasema B.V si ugonjwa wa zinaa, nirudi nyumbani. Niliondoka najiona mjinga. Nani anasema kweli?

#17 Fundi Hadubini
Kisiki, hukuwa mjinga hata kidogo, na laiti waume wote wangekuja kama wewe. Muuguzi naye alisema alichofundishwa. Miaka ya 1980 na 1990 waume walijaribiwa kupewa vidonge, na kwa wengi wa wake zao haikuleta tofauti, miongozo ikaandika kwamba mwenza hatibiwi.

Machi 2025 mambo yamebadilika. Watafiti wa Melbourne, Australia, walichukua wanandoa na wachumba waliokuwa na mwenza mmoja tu. Kundi moja alitibiwa mwanamke peke yake. Kundi la pili mwanamume naye alimeza metronidazoli mg 400 mara mbili kwa siku na kupaka uumeni krimu ya klindamisini (nayo ni dawa ya bakteria) ya asilimia 2, mara mbili kwa siku, siku saba. Baada ya wiki 12, B.V ilirudi kwa asilimia 63 ya kundi la kwanza na asilimia 35 ya kundi la pili. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno, isingekuwa haki kuwaacha wa kundi la kwanza bila tiba hiyo.

Angalia palipotofautiana na zamani: waliongeza krimu. Bakteria wanakaa chini ya govi, kwenye ngozi, si kwenye mrija wa mkojo tu. Kidonge peke yake huenda hakiwafikii vya kutosha.

#18 Mama Wawili
Fundi, asilimia 35 si ndogo. Zaidi ya mmoja katika kila wanawake watatu ilimrudia ingawa mume alikunywa na kupaka. Hao ilitoka wapi?

#19 Nanjilinji
Na wengi wa wanaume wale wa Australia hawakutahiriwa. Kabla ya kuipeleka Tanga na Lamu tungoje ijaribiwe kwa waliotahiriwa.

#20 Fundi Hadubini
Nanjilinji upo sahihi. Mama Wawili, swali lako lina majibu mawili ninayoyajua, na hakuna lililoshinda.

La kwanza ni utando. Mwaka 2005 watafiti wa Berlin walichunguza vipande vidogo vya nyama vilivyochukuliwa ukeni wakakuta *Gardnerella* wamejipanga kwa tabaka nene, wameshikamana na ukuta wa uke. Dawa inaua wa juu, shombo linakata, mgonjwa anafurahi, wa chini wapo. Siku wakipata nafasi wanaibuka.

La pili ni kwamba baada ya dozi wanaorudi kulinda si *crispatus*. Mara nyingi anarudi *Lactobacillus iners*, laktobasili dhaifu anayeweza kuishi pamoja na wabaya bila kugombana nao. Mume anaweza asiwe na hatia yoyote hapo.

#21 Nanjilinji
Naongeza la historia maana hili la "nani kamwambukiza nani" ni la zamani. Gardner na Dukes wa Houston, Texas, ndio waliomtangaza huyu *Gardnerella* mwaka 1955 wakidai ndiye chanzo. Walifanya jambo ambalo leo lingewapeleka mahakamani: waliwawekea wanawake wazima bakteria kwa makusudi. Waliowekewa bakteria safi wa maabara walikuwa 13, akaugua mmoja. Waliowekewa uchafu wenyewe kutoka kwa mgonjwa walikuwa 15, wakaugua 11. Kwa hiyo jibu la Fundi la "kundi zima" lilikuwa mbele ya macho yao, wao wakashikilia mdudu mmoja. Jina la *Gardnerella* lilikuja 1980.

#22 Mkunga Mstaafu
Wanawake wale sijui kama waliulizwa. Hilo linanisikitisha kuliko yote niliyosoma humu.

#23 Mama Wawili
Naomba nami nitoe yangu ili mwingine asipitie. Nilikuwa na muwasho mkali na uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, hauna harufu. Duka la dawa wakanipa metronidazoli. Nikazidi kuwashwa hadi nikawa silali. Kumbe ni fangasi. Hawa si bakteria, na dawa ya bakteria inawaondoa walinzi, fangasi wanapata uwanja. Nilipopewa klotrimazoli za kuweka nikapona. Kwa hiyo dada, kabla ya dozi yoyote, upimwe. Wenye povu la kijani na muwasho nao huenda ni trikomona, hiyo ni ya zinaa bila ubishi na mume lazima ameze.

#24 Binti Makete
Samahani kwa kuingilia. Nina mimba ya miezi mitano na nimeambiwa nina B.V. Rafiki kaniambia metronidazoli inatoa mimba. Nimeogopa, vidonge viko kabatini.

#25 Mkunga Mstaafu
Binti Makete, vitoe kabatini mama. Dawa hiyo imetumika kwa wajawazito miaka mingi na haitoi mimba. Mwambie aliyekuandikia kwamba una mimba ya umri huo, kama hakujua, kisha umalize dozi. Mwenye dalili kama wewe anatibiwa, maana B.V imehusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

#26 Fundi Hadubini
Mkunga yuko sawa kwa mwenye dalili. Kwa asiye na dalili ubishi upo. Ufaransa waliwapima wajawazito wasio na historia ya kuzaa njiti, wakawatibu waliokutwa na B.V kwa klindamisini, na matokeo ya 2018 hayakuonyesha kupungua kwa watoto njiti. Yaani B.V na njiti vinatembea pamoja, lakini kuitibu tu hakukutosha. Kwa nini, hapo nako kila mtu ana lake.

#27 Mwanamvita
Mbona hakuna aliyetaja uzazi wa mpango? Mimi ilianza nilipowekwa kitanzi cha shaba. Hedhi ikawa nzito na ndefu. Kama damu inaondoa uchachu kama Fundi alivyosema pale #4, basi siku nyingi za damu ni siku nyingi za shombo.

#28 Fundi Hadubini
Mwanamvita, zipo tafiti zilizokihusisha kitanzi cha shaba na B.V, na wengine wanaeleza kwa njia hiyohiyo yako ya damu. Wanaotumia homoni, yaani vidonge au sindano, kwa kawaida hupata B.V kidogo zaidi. Lakini usikitoe kwa sababu ya uzi huu, zungumza na kliniki.

#29 Shosti wa Tandika
Mimi niko kwenye sindano na ninayo.

#30 Nanjilinji
Kuna pia wanaosema kwamba kwetu Waafrika ni kawaida tu. Mwaka 2011 Marekani walipimwa wanawake 396 wasio na dalili, karibu asilimia 40 ya weusi na wa asili ya Kilatini hawakuwa na laktobasili wa kutosha na pH yao ilikuwa juu, na walikuwa wazima.

#31 Nyar Kisumo
Hapana, hapo tusipite haraka. Tafiti za Rakai na Malawi za miaka ya 1990 zilikuta B.V inakwenda pamoja na maambukizi ya VVU. Jambo linaloniongezea hatari siwezi kuliita kawaida yangu. Kama wengi tunalo, basi wengi tunahitaji tiba bora, tusiambiwe ndivyo tulivyoumbwa.

#32 Mkunga Mstaafu
Naunga mkono Nyar Kisumo kwa mikono yote.

#33 Jongwe la Mtaa
Kisiki, hiyo krimu ukipaka na bia unaendelea?

#34 Fundi Hadubini
Leo Jongwe umeuliza la maana. Miaka yote tumewakataza pombe na metronidazoli. Mwongozo wa Marekani wa 2021 umesema si lazima kujizuia, ushahidi wa madhara haukuwa na nguvu. Madaktari wengi wa kwetu bado wanakataza, na mimi sitakushauri umezee vidonge kwa bia. La muhimu zaidi: krimu ya klindamisini ina mafuta yanayodhoofisha mpira wa kondomu. Ukiipaka na kuutegemea mpira, unaweza kupasuka.

#35 Pwani Halisi
Na mwenye kufunga? Ramadhani haimngoji mtu apone.

#36 Mkunga Mstaafu
Vidonge vya mara mbili kwa siku vinakaa vizuri, kimoja futari na kimoja daku, ukiwa umekula. Krimu ya ukeni huwekwa usiku wakati wa kulala. Kuhusu swaumu, muulize sheikh wako.

#37 Chumvi ya Uvinza
Nimesoma yote jana usiku, nikampa na mume wangu simu akasoma kuanzia #12. Alipofika kwa Jongwe alikasirika, alipofika kwa Kisiki akanyamaza. Ameniambia kama ni kumeza atameza, kama ni kupaka atapaka, ila anataka kwanza kusikia kwa daktari. Jumatatu tunakwenda wote kwa yule dada aliyenipima. Sabuni ya ndani nimeacha, ingawa mama mkwe ameniuliza kwa nini.

Fundi, nikimaliza dozi nirudi kupimwa au nikae nisikilizie?

#38 Fundi Hadubini
Kama huna dalili na huna mimba, kwa kawaida hakuna haja ya kupimwa tena. Shombo likirudi, nenda upimwe majimaji, usipime mkojo. Na mwambie daktari ni mara ya ngapi, maana kwa inayojirudia kuna mpango mwingine: jeli ya metronidazoli ya kuweka mara mbili kwa wiki kwa miezi kadhaa. Upatikanaji wake ndio mtihani.

#39 Kisiki cha Mpingo
Chumvi, mkitoka kwa daktari tuletee mrejesho, hasa kama amekubali kumwandikia mzee krimu. Mimi huku kila duka ninaloulizia wananiuliza ya nini.

#40 Pwani Halisi
Na mimi swali langu la #15 halijajibiwa.